Stika si Prosesa

Mwaka 1988 kampuni ya Amstrad ya Uingereza ilichukua kompyuta yake ya bei nafuu, ikaivika ganda jeusi, ikaibandika jina la Sinclair na kuipeleka sokoni kama mashine ya gemu. Iliitwa Sinclair PC200. Kwa Waingereza wa wakati ule, Sinclair halikuwa jina hivi hivi tu. ZX Spectrum, kompyuta ya Sinclair iliyotoka 1982, ilikuwa imelea kizazi kizima cha watoto wa gemu. Amstrad walilinunua jina hilo 1986 kwa pauni milioni 5, na sasa walitaka lirudishe pesa.

Shida ilikuwa ndani. Ganda jeupe la mashine hiyo hiyo liliuzwa kwa jina la Amstrad PC20. Picha zake za gemu zilikuwa na rangi nne kwa wakati mmoja, na sauti yake ilikuwa ya kengele ya saa ya mkononi. Amiga 500 ilikuwa tayari madukani tangu 1987, ikiimba na kupaka rangi kama sinema. Halafu kasha la PC200 lilikuwa fupi mno, hivi kwamba ukiongeza kadi, kadi yenyewe inachomoza juu na kifuniko hakifungiki. Watu waliangalia, wakarudisha pochi mfukoni. Ndiyo maana leo ni mashine adimu.

Si Sinclair peke yake. Atari na Commodore, majina makubwa ya gemu, nazo ziliuza PC za kuiga IBM. Hata Atari Portfolio ya 1989, kile kikompyuta cha mkononi ambacho kijana John Connor anakitumia kuibia mashine ya benki katika filamu ya Terminator 2, kilibuniwa na kampuni nyingine ya Uingereza, DIP. Atari waliweka jina.

Kuiga kwenyewe kuliwezekana kwa sababu IBM, ilipotoa PC yake 1981, ilitumia vipuri ambavyo mtu yeyote angeweza kununua. Kilichokuwa chake hasa ni BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine. Compaq waliiandika upya wenyewe bila kuinakili, na kufikia 1983 walikuwa wakiuza PC iliyoendesha programu za IBM. Baada ya hapo mlango ulibaki wazi. Yeyote mwenye jina angeweza kulibandika juu ya kasha.

Hata sisi tumepitia hapo. Laptopu za watoto wa darasa la kwanza, ile ahadi ya kampeni ya 2013, zilipoanza kufika shuleni 2016 zilikuja kama tableti, na zililetwa na miungano miwili: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto ya Ureno, na JKUAT pamoja na Positivo BGH ya Amerika Kusini. JP Sá Couto ndio hao hao waliowapa watoto wa Ureno laptopu iliyoitwa Magalhães mwaka 2008. Ndani ya Magalhães kulikuwa na Classmate, muundo wa Intel. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba jina la nje mara nyingi hukueleza nani ameuza, na si lazima likwambie nani ametengeneza.

Sasa njoo Ukambani. Kompyuta ambazo wengi wetu tunazigusa Kitui na Makueni si mpya. Ni eks-UK. Zimefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi huko ng'ambo, zikastaafishwa, zikapakiwa kwenye kontena hadi Mombasa. Kontena hilo linapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, yaani linakata kaunti ya Makueni toka mwisho hadi mwisho, bila kusimama. Linafika Nairobi, linafunguliwa, halafu mashine inarudi Wote kwa matatu, ikiwa imeongezewa faida ya watu watatu.

Na njiani humo ndimo stika zinapozaliwa. Stika mpya ya prosesa inauzwa bei ya chapati. Laptopu ya i5 inalala i5, inaamka i7.

Nilipoacha chuo na kuanza kuandika kwa malipo, mashine yangu ya eks-UK ndiyo iliyokuwa ofisi, mshahara na kodi ya nyumba. Kwa hivyo nimekaa sana kwenye benchi za mafundi wa Kitui mjini, kuliko hata nilivyokaa kwenye mihadhara. Siku moja mama mmoja alikuja na laptopu aliyomnunulia bintiye anayejiunga na chuo. Alikuwa ameilipia kwa pesa za ndengu.

"Kijana wangu, hii ni i7 kweli? Imeandikwa hapa."

"Mama, hiyo ni karatasi. Wacha tuulize mashine yenyewe."

Fundi akafungua ukurasa unaoonyesha prosesa. i5, kizazi cha sita.

"Si mbaya, mama. Atafanya kazi nayo. Lakini umeuziwa kwa bei ya mwenyewe."

Yule mama hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Na nikienda kwao, nitamwuliza nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kampuni iliyoandikwa kifunikoni haimjui. Duka la Nairobi halikumpa risiti.

Kuna jambo la pili ambalo stika haisemi. Namba inayofuata i5 au i7 ndiyo inayoonyesha kizazi. i7 ya kizazi cha nne inaweza kushindwa vibaya na i5 ya kizazi cha nane. Tena mpaka huo wa nane una uzito wake siku hizi: Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inataka kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi za ng'ambo zikizitupa zile za chini ya hapo, unajua zitashukia wapi. Kwa hivyo kabla hujatuma M-Pesa, washa mashine, tazama prosesa kwa macho yako, angalia hali ya betri, na uhakikishe BIOS haina nywila ya mwajiri wa zamani. Anayekukatalia kuiwasha amekujibu tayari.

Lakini benchi hiyo hiyo imenionyesha kinyume cha PC200, na hapo ndipo ninapofurahi. Vijana wanaleta kompyuta za mezani za ofisi, Dell OptiPlex na ndugu zake, zile za kijivu zisizo na raha yoyote. Fundi anatoa diski ya zamani, anaweka SSD, anaongeza memori. Kisha anatafuta kadi ya grafiki ndogo kama GTX 1050 Ti isiyohitaji waya wa ziada, kwa sababu nafasi ya kadi hutoa wati 75 na umeme wa kasha hauna zaidi ya kutoa. Kasha likiwa jembamba, anatafuta ile kadi fupi. Baada ya saa mbili, mashine iliyokuwa ikichapa barua za ofisi inacheza GTA V.

Amstrad waligeuza kompyuta kuwa ya gemu kwa kubadilisha jina na kuacha yaliyo ndani. Fundi wa Kitui anabadilisha yaliyo ndani na kuacha jina. Yake inafanya kazi.

Tofauti nyingine ni kwamba yeye anapatikana. Ikizima Jumatatu, Jumanne uko mlangoni kwake, na hawezi kuhama mji kwa sababu ya kadi ya grafiki. Hana stika yake mwenyewe. Ila ukifungua kasha la mashine aliyoishika, upande wa ndani wa bati, utakuta ameandika kwa maka pen tarehe aliyoisafisha na namba yake ya simu.