Habari za Camogli, Mji wa Wavuvi

Mwezi huu twapenda kuwapa habari za Camogli, mji wa wavuvi katika nchi ya Italia, upande wa mashariki wa Genova.

Twalifika kwa gari la moshi, tukashuka kwa miguu mpaka bandarini. Nyumba zake ni ndefu, ghorofa juu ya ghorofa, zote zaielekea bahari. Nyingine zina madirisha yaliyochorwa kwa rangi tu ukutani, hata mgeni hudhani ni madirisha ya kweli.

Jambo lililotushangaza zaidi ni wavu wao. Kati ya mji na rasi ya Punta Chiappa hutegwa wavu mkubwa uitwao tonnarella, tangu Aprili mpaka Septemba. Hukaa mahali pamoja kama wando wa pwani yetu. Jodari na samaki wengine huingia wenyewe, na wavuvi huenda na mashua kuuinua kwa mikono. Nao husukwa kwa kamba za makumbi ya nazi! Nchi ile haina minazi ya kuzaa; nyuzi hizo hutoka ng'ambo. Majani ya bahari huota juu ya kamba, na samaki huyafuata. Msimu ukiisha, wavu hukatwa, ukaachwa uoze baharini pasipo kudhuru kitu. Kisha husukwa mwingine.

Wenyeji husema maana ya jina Camogli ni nyumba ya wake, kwa kuwa waume walikuwa safarini daima. Katika karne ya 19 mji huu mdogo ulikuwa na mamia ya merikebu za matanga, hata zilipokuja meli za moshi, zile zikaisha. Twaliingia kanisa la Mama Yetu wa Boschetto, tukaona picha nyingi za merikebu katika dhoruba, zilizoletwa na mabaharia waliookoka ili kumshukuru Mungu. Ndipo tulipofikiri: waliozama hawakuleta picha. Wake zao nao walipanda njia ile ile wakaomba, kisha wakarudi kulea watoto pasipo baba. Imani yao si ndogo kuliko ya wale waliopokea walichoomba.

Kila Jumapili ya kwanza ya Agosti, sikukuu ya Stella Maris, yaani Nyota ya Bahari, mashua huandamana mpaka Punta Chiappa kwa sala, na usiku mishumaa huelea majini. Tena, karibu na hapo, katika ghuba ya San Fruttuoso, sanamu ya shaba ya Bwana Yesu iliteremshwa chini ya bahari tarehe 22 Agosti 1954, kiasi cha mita 17. Mikono yake ameiinua juu. Basi hata waliolala vilindini hawakusahauliwa.

Ndugu zetu, nyumba nyingi za Kikristo zina mtu aliye mbali, ziwani, baharini au kazini. Tusalipo jioni, tumtaje kwa jina lake. Akirudi salama, na tushukuru. Lakini siku hiyo ya furaha tusimpite jirani ambaye wake hakurudi. Tumwite aketi pamoja nasi, ale.