Cairo: Kabla ya Kuvuka, Tazama Kushoto

Likizo ikikufikisha Cairo, usikimbilie piramidi. Jifunze kwanza kuvuka barabara. Hapa Kenya magari hupita kushoto; kule hupita kulia, na macho yaliyozoea Nairobi hutazama upande usiofaa. Siku ya kwanza, karibu na uwanja wa Tahrir, nilitazama kulia, nikaona peupe, nikapiga hatua. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyenivuta shati. Teksi ilipita, upepo wake nikausikia magotini!

Mzee mmoja mwuza mikate alimshika mtoto mkono, akainua kiganja, akatuvusha polepole katikati ya magari yale. Siri ni hiyo: usikimbie, wala usirudi nyuma. Dereva hukukadiria kwa mwendo wako.

Tangu hapo tukaona heri treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1987, ya kwanza barani Afrika. Huko nako nikajitoma katika behewa la katikati, nikashangaa kukodolewa macho. Kumbe ni la wanawake! Nilishuka kituo kilichofuata, jasho likinitoka, binti yangu akicheka.

Jioni tuliketi ukingoni mwa Nile. Nikamweleza kwamba mito yetu ya Nzoia na Yala humwaga maji Ziwa Victoria, na Nile hutokea ziwani humo, kule Jinja, Uganda. Aliyatazama maji kitambo, kisha akageukia barabara iliyojaa taa za magari.

"Baba, sasa hotelini tutarudije?"