Mwalimu mwanagenzi apewa somo Mbumbuni

Msomaji, ikiwa wewe ni mzaliwa wa Nairobi kama mimi, yamkini Ukambani unakujua kwa kupita tu, ukisinzia ndani ya basi la Mombasa. Hebu siku moja achana na basi hilo. Chepuka uingie Machakos, endelea hadi Masii, kisha Tawa, na ukizidi kusonga mbele utafika Mbumbuni, katika Kaunti ya Makueni. Ukiendelea kuelekea mashariki utateremka hadi Mto Athi, na ng'ambo yake ni Kitui.

Usitarajie majumba ya kupendeza macho. Utaona maduka yaliyopangana kando ya barabara, wachuuzi wa maembe msimu ukiwadia, na vilima vilivyokatwa matuta kutoka juu hadi chini ili maji ya mvua yasiondoke na udongo. Mimi nilifika mwezi wa Mei, 2023. Mvua ilikuwa imenyesha baada ya kukosekana misimu mitano mfululizo, na kila mtu alizungumza habari za mbaazi na pojo, ambazo wenyeji huziita ndengu.

Nilikuwa mwalimu mwanagenzi, nimetumwa na chuo kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji. Nilipewa Kiswahili, Gredi ya Nne. Nilijiona nimejihami barabara: maandalio ya masomo yaliyopigwa chapa, kadi za manila, kalamu za rangi na Kiswahili changu cha Kariobangi nilichokuwa nimekisugua chuoni hadi kikang'aa.

Somo la kwanza lilikuwa imla. Nilisoma sentensi fupi: "Baba alileta gunia kwa gari." Madaftari yaliporudi, nilikuta "mbamba" ameleta "ngunia" kwa "ngali". Si daftari moja, si mawili. Nilitumia kalamu nyekundu hadi kidole kikauma.

Siku ya tatu nikamwita msichana mmoja wa dawati la nyuma asome kwa sauti. Alipofika penye neno "alirudi" akasema "alilundi". Nikamsahihisha. Akarudia vilevile. Nikamsahihisha tena, na mara ya tatu darasa zima likaangua kicheko, wakiwemo wale ambao wangetamka hivyohivyo kama ningewaita wao. Akakaa. Kwa majuma mawili hakufungua kinywa chake tena katika kipindi changu. Nami, Mungu anisamehe, niliandika katika kitabu changu cha kumbukumbu: "Hashiriki."

Mama niliyekodi chumba kwake alinisikia nikilalamika jioni moja. Alikuwa akichagua muthokoi kwenye ungo. Akaniambia, "Mwalimu, hebu sema maji kwa Kikamba." Neno lenyewe ni kĩw'ũ. Nikalitamka. Wajukuu wake walicheka hadi mmoja akalala chini. Nikajaribu tena, nikaharibu zaidi. "Sasa umejua," akasema, akaendelea na muthokoi wake.

Nilianza kuuliza, na nilichoambiwa nakupa nawe msomaji, huenda ukatumwa huko siku moja. Kikamba hakina sauti ya r, na l ndiyo inayoshika nafasi yake. Nazo b, d na g hazitembei peke yake katika lugha hiyo, sharti zitanguliwe na m au n, kama mbui, yaani mbuzi, au ngũkũ, yaani kuku. Mtoto anayesema "ngari" hafanyi uzembe. Anafuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu kuliko mimi ninavyozifuata zangu. Jina la mji lenyewe, Mbumbuni, lina hiyo mb mara mbili, nami nilikuwa nimelitamka kila siku bila kulisikia.

Tena Gredi ya Nne ni mahali pagumu. Sera ya kumfundisha mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha ya eneo lake ilipendekezwa na Ripoti ya Gachathi mwaka 1976, na ingalipo. Ukivuka hapo, masomo mengine hugeuka Kiingereza. Basi mtoto anatoka nyumbani na Kikamba, anapambana na hesabu kwa Kiingereza, halafu ninaingia mimi kwa dakika 35 na kudai r iliyonyooka.

Yule msichana alikuwa pia akichelewa mara kwa mara. Niligundua sababu asubuhi moja nilipomkuta kwenye mto mkavu, ameinama katika shimo lililochimbwa mchangani, akichota maji kwa kikombe na kujaza mtungi. Aliniona, akainamisha kichwa.

Juma lililofuata niliacha kitabu. Kifungu cha ufahamu kilihusu lifti ya jengo la ghorofa kumi, na nilikuwa nimechoka kuchora lifti ubaoni. Nikasema, "Kwata ndai!" Darasa lilishtuka kama limemwagiwa maji. Kisha likajibu kwa kishindo: "Nakwata!" Wakamba wana vitendawili vyao, ndai, na wana njia yao ya kuvitega kama sisi tunavyosema "Tega!" Nikawapa kazi: kila mmoja atunge cha kwake, akitege kwa Kiswahili.

Mhadhiri aliyekuja kunikagua alifika siku hiyohiyo ya kutega. Akaketi nyuma na faili lake. Watoto watatu walitega, wakafumbuliwa upesi. Kisha mkono ukainuka kutoka dawati la nyuma.

"Naenda mwepesi, nalundi mzito, na njiani sikula kitu."

Nilimwona mhadhiri akiinua macho. Nikanyamaza. Wakajaribu punda. "Punda hula njiani," akawajibu. Wakajaribu kikapu, wakajaribu lori. Wakashindwa.

"Nipeni mji."

Wakampa Nairobi. Akasimama wima. "Nimeenda Nailobi. Nimelala kwa kina mwalimu. Maji yanatoka kwa ukuta. Nimeoga, nimekunywa, sijabeba kitu. Ni mtungi!"

Sikumwambia kwamba kwetu Kariobangi ukuta huo hukauka siku tatu mfululizo.

Katika ripoti yake mhadhiri aliandika kwamba darasa lilikuwa na kelele, na kwamba mwalimu arekebishe matamshi papo hapo. Yana ukweli hayo. Mtihani wa Gredi ya Sita haumuulizi mtoto alichota maji wapi, na "ngari" itamkosesha alama. Nilitia sahihi.

Jumatatu yake tulifanya imla tena. "Alirudi" aliliandika sawasawa. Gari bado lilikuwa ngari.