Kizazi Kinachouliza Kabla ya Kununua

Kizazi chetu kilinunua nyumba huku kikiogopa kuuliza. Mkataba wa mauziano uliletwa kwa Kiingereza cha mahakamani, na dalali alisimama mlangoni akihimiza kwamba yuko mteja mwingine njiani. Mtu mzima mwenye akiba ya miaka yote akaweka dole gumba asije akaonekana hajui. Nimewaona wengi, wajane hasa, wakitoka ofisini na karatasi wasiyoweza kuisoma.

Ndiyo maana siungani na wazee wenzangu wanaowalaumu vijana kwa kushinda na akili mnemba. Siku hizi, kwa programu kama ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022, binti anayetafuta kiwanja Kigamboni anaweza kuupiga picha mkataba na kuomba aelezwe kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, hata usiku wa manane, wala hapana wa kumcheka. Anaelezwa kuwa ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kwamba hati humpa haki ya kuimiliki kwa muda, iwe miaka 33, 66 au 99. Anajua kufanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Dalali aliyezoea kutisha watu sasa anakutana na mtu aliyejiandaa. Jambo hili linanifurahisha mno.

Kinachonitia hofu ni kwamba mashine hujibu kutokana na yaliyoandikwa, na sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaandikwa. Mitaa mizima ilijengwa kabla ya kupimwa. Mpaka ni mnazi, na ushahidi ni jirani. Hata Marekani, ambako nyumba ikiuzwa kumbukumbu inabaki, kampuni ya Zillow ilitegemea programu kukadiria bei, ikanunua maelfu ya nyumba, kisha Novemba 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo baada ya makadirio kuiponza na kuipotezea mamia ya mamilioni ya dola. Sembuse Tandale!

Siku hizi programu hupendezesha hata picha za nyumba inayouzwa: nyasi zinakuwa kijani, sebule tupu inajaa makochi ambayo hayapo. Kijana akiitazama nyumba ya Bonde la Msimbazi kwa namna hiyo, ataipenda. Lakini akishuka mwenyewe na kuongea na mama muuza maandazi wa pale kona, ataelezwa maji yalifika wapi Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Akifika Kimara atawakuta walioshuhudia nyumba zikibomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro.

Kisha kuna suala la mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mashine inaweza kukueleza sheria hiyo vizuri kabisa (ingawa mara nyingine hutunga vifungu visivyokuwepo, kwa hiyo wakili bado anahitajika). Haina namna ya kujua kwamba muuzaji huyu mwenye suti ana mke Korogwe asiye na habari, au kwamba nyumba ni ya mirathi na ndugu zake hawajapatana. Mjumbe anajua. Bibi wa nyumba ya tatu anajua tangu siku ya arobaini ya marehemu, aliposikia ndugu wakigombana uani. Vijana wetu, hodari kama walivyo mbele ya simu, wengi wao wanaona aibu kubisha hodi kwa bibi huyo. Nawasihi wabishe. Atawakaribisha, na hatawadai pesa ya dalali.

Nasi wazee tuna deni, maana maneno haya tumeyabeba vichwani na tunaondoka nayo. Natamani kila mzee mwenye kiwanja kisicho na hati aketi na wajukuu wake, awasimulie mpaka unapita wapi, alinunua kwa nani na mwaka gani, mashahidi walikuwa kina nani, na nani ana haki humo ndani. Wao warekodi kwa simu zao, na akili mnemba hiyo hiyo iyageuze maneno kuwa maandishi. Kisha wayasome pamoja, wasahihishe majina, na karatasi ipelekwe serikali ya mtaa ikatiwe saini na majirani wangali hai.