Kumtafuta Karama

Huenda nawe, msomaji, umewahi kukifunga kitabu huku umemkasirikia mtu uliyekuwa ukimpenda, yaani mwandishi wake. Mimi nilimkasirikia Shaaban Robert. Nalisema jambo hili kwa soni kidogo, maana mtu huyu aliyezaliwa Vibamba, karibu na Tanga, mwaka 1909, husifiwa kila mahali lugha yetu inaposomwa, na mwalimu wa Kiswahili hatazamiwi kumnung'unikia. Walakini hasira ilikuwapo, na chanzo chake kilikuwa mapenzi.

Nilipokuwa kidato cha pili, mjomba wangu aliniazima nakala ya Kusadikika iliyokwisha kupoteza jalada. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1951. Chasimulia habari za nchi iliyo hewani, ambayo jirani zake ni pepo. Sisi wa Kikambala huzijua kaskazi na kusi kabla hatujazijua herufi. Kusi ikivuma, mvuvi huketi chini ya mnazi akatengeneza nyavu zake, na bahari huiachia upepo. Basi kusoma kwamba pepo hizo zaweza kuwa mipaka ya ufalme mzima, wenye mfalme na waziri na baraza na jela, kulinichekesha hata bibi yangu akauliza kama nina homa.

Kicheko hicho kilikuwa na uchungu ndani yake. Katika nchi hiyo yumo kijana aitwaye Karama, aliyeshitakiwa na waziri, Majivuno, kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Karama ajitetea kwa kuwasimulia wakubwa habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa pande zote nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja alikwenda, akateseka, akarudi na mashauri mema. Na kila mmoja alitupwa kifungoni. Yule wa kwanza utamhurumia. Ukifika kwa wa nne utacheka, kisha utajiuliza ni kitu gani kinachokuchekesha.

Mwishoni Karama ashinda na wafungwa wafunguliwa. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Nilitaka kujua yaliyofuata. Je, Karama alifungua darasa lake? Majivuno alibaki na uwaziri wake, akinung'unika pembeni? Wajumbe walipotoka kifungoni walikuta nini majumbani mwao? Niliyatunga majibu mengi nikitembea kwenda shule kando ya barabara ya Malindi, na yote yalikuwa hafifu, nami nikajua kuwa majibu ya kweli alikuwa nayo mtu mmoja tu.

Miaka ikapita. Nikaingia chuo cha ualimu, na siku moja katika maktaba nikaona mgongo wa kitabu chembamba: Kufikirika. Mwandishi yule yule! Jina lilifanana na lile la kwanza kama pacha na pacha. Sikusoma hata ukurasa mmoja pale. Nilikichukua, nikala chakula cha jioni upesi, nikaketi kitandani kumngojea Karama.

Karama hakuja. Badala yake nilimkuta mfalme mwingine, wa nchi nyingine, mwenye mali nyingi na asiye na mtoto. Waganga wa kila namna waitwa, wa mizizi, wa hirizi, wa makafara na wengineo, na kila kundi latumia fedha za hazina na kushindwa. Hatimaye mtoto azaliwa kama ilivyotabiriwa, kisha augua, na utabiri wataka achinjwe mjinga mmoja na mwerevu mmoja ili apone. Nilifika mwisho usiku wa manane. Nilirudi nyuma nikapekua kurasa, labda jina la Karama lilinipita. Asubuhi nilikirudisha kitabu, nikamwambia mkufunzi wangu kuwa mwandishi amenidanganya. Akanitazama juu ya miwani. "Alikuahidi lini?" akauliza.

Swali hilo lilinikaa kooni. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, na mwandishi alikuwa amefariki mwaka 1962. Hakuwapo hata kumwambia mtu kisomwe namna gani. Ahadi niliitunga mimi, kwa sababu majina mawili yalifanana.

Lakini sitaki kujihukumu kwa jambo lisilo haki. Manung'uniko mengine yangali nami, na nimekwisha kukisoma kitabu hicho mara nne. Lile gwaride la waganga ni refu mno. Ukiisha kuona kundi la pili limeshindwa, walijua la tatu. Utaniambia kwamba hata wajumbe wa Kusadikika walikuwa sita, na hadithi zao zilikuwa na umbo moja. Kweli, ila pale kila hadithi ilisimuliwa na mtu ambaye shingo yake ilikuwa mashakani, na Majivuno amesimama mbele yake akisikiliza. Mfalme wa Kufikirika apoteza fedha na matumaini, basi. Twamcheka, lakini hatumwogopei.

Mwingereza Lewis Carroll alitoa hadithi yake ya mtoto Alice mwaka 1865, nayo ikasomwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mwaka 1871 alitoa hadithi ya pili ya mtoto huyo. Humo yule sungura mwenye wazimu na yule mtengeneza kofia wa hadithi ya kwanza wamo tena, lakini majina yao yamegeuzwa kidogo, na Alice mwenyewe hawatambui. Niliposoma habari hiyo nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu, nami niliwaza jambo ambalo halikunijia chuoni: labda nilimtafuta Karama kwa jina tu.

Nikakifungua tena Kufikirika. Yumo humo mwalimu wa mwana wa mfalme. Aona mtoto achoshwa na masomo, ataka apewe nafasi ya kucheza, naye afukuzwa kazi. Chuoni nilizipita kurasa hizo mbio, nikimtafuta mtu wangu. Sasa nilizisoma polepole, kwa sababu wiki ile ile nilikuwa mwalimu wa zamu, na mtihani ulikuwa karibu, nami nilikuwa nimewanyang'anya vijana wa kidato cha tatu mpira wao wakati wa kipindi cha michezo nikawarudisha darasani. Mpira ule ulikuwa chini ya meza yangu nilipokuwa nikisoma. Niliusukuma kwa mguu nisiuone, ukagonga ukuta ukanirudia.

Jumatatu niliwarudishia. Hawakunishukuru, wala sikutazamia.

Mwaka huu msichana mmoja wa darasa langu, mtoto wa mfanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Vipingo, alimaliza Kusadikika kwa siku tatu, akaniomba kingine kama hicho. Nilisita sana. Ningeweza kumwonya, lakini nikaona si haki kumpa manung'uniko yangu kabla hajapata yake. Nikampa Kufikirika bila neno. Baada ya siku mbili alikuja mlangoni pa chumba cha walimu, amekikumbatia kitabu kifuani, uso umekunjamana.

"Mwalimu," akasema, "Karama yuko wapi?"

Nikamvutia kiti.