Chumba cha Nyuma

Jumanne, 2 Januari 2024

Mama muuza vitenge aliyetoka Butembo amelipa na kuondoka alfajiri, hata chai hakungoja. Nilimkuta getini, mikono inamtetemeka. "Yaya, mule ndani iko mutu," aliniambia. "Alinikalia kwa kifua usiku muzima. Naona mulango, lakini siwezi kuamuka."

Ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya wageni tena, kile alichokijenga marehemu Papa pale parseli yetu inaposhukia ukuta wa jirani. Wanaolala humo huamka na kichwa kizito na kichefuchefu. Wengine husema wamesikia hatua za mtu anayezunguka kitanda. Vyumba vya juu havijawahi kulalamikiwa hivyo, na wageni ni walewale: wachuuzi, madereva wa Rutshuru, walimu waliokuja kufuata mishahara.

Kufikia jioni mtaa wetu wote wa Katindo, hapa Goma, ulikuwa umeshapata habari. Muuza samaki wadogo wa sambaza hapo kona anasema nyumba yetu imejengwa juu ya kaburi la wakimbizi wa 1994. Mwingine anasema ni askari wa kambi, aliyekufa akidai mshahara wake. Papa alinunua uwanja huu ukiwa makoro matupu, mawe ya volkano, kabla ya vita yoyote, na msingi ulichimbwa kwa nyundo mbele ya macho yetu watoto. Hakuna aliyezikwa hapa. Hata hivyo nimeanza kuandika kila neno ninaloambiwa, na wa kwanza kuhojiwa atakuwa zamu wetu, mlinzi wa nyumba.

Ijumaa, 5 Januari

Mzee zamu ni mtu wa Rutshuru, amekulia chini ya milima. Usiku huu umeme ulikatika mapema, tukakaa naye barazani. Upande wa kaskazini mawingu yalikuwa na wekundu kwa chini, kama kawaida ya volkano ya Nyiragongo inapokuwa macho.

Kwa Mzee, ule mlima una wenyewe. Wazee wake walimfundisha kwamba bazimu, roho za wafu, hawasambai ovyo, kila mmoja ana mahali pake. Waliopokewa katika ibada ya Ryangombe wakifa huenda mlima Karisimbi, kwenye baridi na raha, pamoja na yeye Ryangombe, shujaa wa kale aliyeuawa na nyati. Waliokataa, na waliotenda mabaya, huingia Nyiragongo kwenye moto. Mlima ukinguruma, ni wao. Imani hiyo iko pande zote mbili za mpaka, Rwanda na kwetu, na mapadri wa kwanza waliikuta hapa ina nguvu kuliko walivyotaka. Walihubiri kwamba Ryangombe ni shetani. Siku hizi makanisa ya uamsho yanasema hivyo hivyo kwa vipaza sauti, na bado mlima ukiwaka hata wanakwaya wetu hunong'ona habari za bazimu.

Nikamuuliza juu ya vile vibanda vya Hifadhi ya Virunga kule ukingoni, kwenye mita karibu 3,470, ambamo watalii waliopanda kutoka Kibati walikuwa wakilala ili waangalie ziwa la moto usiku. Kwa imani yake hiyo ndiyo nyumba ya wageni iliyo karibu kuliko zote na makazi ya wafu. Alifikiri kwanza. "Wazungu wanalipa ili walale kwa mulango wa bazimu," akasema. "Sisi hatungelala pale hata ukitulipa." Hakuwa anawacheka. Alikuwa anashangaa kweli.

Jumatano, 10 Januari

Leo ni siku ya kukumbuka mlipuko wa Nyiragongo wa 1977. Mama mkubwa alikuja kula mchana, nikamwomba anisimulie tena. Alikuwa msichana, wanaishi upande wa Kibati. Asubuhi ile kuta za mlima zilipasuka ubavuni na ziwa zima la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Moto wa Nyiragongo ni mwepesi, karibu maji, kwa sababu mawe yake yaliyoyeyuka yana silika kidogo mno; ulishuka kwa kasi isiyokimbilika kwa miguu. Katika vijiji vya mteremkoni watu walifikiwa wakiwa mashambani na majumbani.

Anachokumbuka yeye kwa uchungu ni kwamba hapakuwa na maiti. Matanga yalikaliwa bila mtu wa kuzikwa. "Ndiyo maana wanatembea," alisema. "Hawakuonyeshwa pa kulala." Niliandika maneno hayo kwenye kitambaa cha karatasi pale pale mezani, na sasa nayahamishia hapa. Kila hadithi ya bazimu niliyoisikia hapa Goma, ukiisikiliza hadi mwisho, ina mtu aliyekosa kaburi. Julai 1994 watu mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, kipindupindu kikawaingia, na udongo haukuwepo wa kuwazika: juu ya makoro jembe linaruka. Wanajeshi wa Ufaransa walitumia tingatinga kuwafukia kwa pamoja. Muuza sambaza anakosea kuhusu uwanja wetu, lakini hakosei kuhusu mji.

Jumamosi, 13 Januari

Wiki hii yupo mgeni Mwingereza, mhandisi wa maji. Alipopata habari za chumba cha nyuma aliomba alale humo! Nikakataa. Akaniambia kwamba kwao nyumba ya wageni yenye mzimu ndiyo inayojaa. Zipo nyumba za zamani kando ya barabara kuu, zilizolaza abiria wa magari ya farasi huku farasi wakibadilishwa, na kila moja ina mfu wake. Jamaica Inn huko Cornwall, iliyojengwa 1750, ina msafiri aliyeitwa nje akaacha pombe yake nusu. Asubuhi akakutwa ameuawa nyikani, na inasemekana hurudi kuimalizia. Ostrich Inn, huko Colnbrook karibu na London, ina hadithi ya mwenye nyumba aliyefunga kitanda juu ya mlango wa sakafu: tajiri akilala fofofo, kitanda kinapinduliwa na mgeni anaangukia kwenye pipa la maji yanayochemka. Thomas Deloney alikwisha kuiandika habari hiyo zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Nilipenda hadithi hizo kuliko nilivyotarajia. Zimetungwa na wasafiri, na hofu iliyomo ni ya msafiri: unalala kwa watu usiowajua, na mlango una ufunguo mwingine. Mama wa Butembo angezielewa bila mkalimani.

Lakini kilichoninyima usingizi ni jambo jingine alilonisimulia daktari rafiki yetu nilipompigia simu kumweleza dalili za wageni. Mwaka 1921 tabibu wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika kisa cha familia moja iliyohamia nyumba kubwa ya zamani mwaka 1912. Walisikia hatua usiku, wakahisi kushikwa kitandani, watoto wakapauka, maua ya ndani yakafa. Ikagundulika kwamba tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu, na moshi wake unaingia vyumbani badala ya kutoka nje. Ilikuwa ni monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayomnyang'anya mtu oksijeni ndani ya damu. Tanuri lilipotengenezwa, bazimu waliondoka.

Jioni nilienda nyuma ya ukuta. Jirani anakaanga mandazi kuanzia usiku wa manane ili yawahi soko, kwa mbabula, majiko ya makala, zilizopangwa chini ya kibati, na matundu ya hewa ya chumba chetu yako juu yake kabisa. Nimefunga chumba. Kesho tutaongea naye tuzisogeze mbabula upande wa barabara. Ni mama mwenye watoto wadogo wanaolala palepale jikoni, na hao ndio wananitia hofu kuliko wageni.

Jumatatu, 15 Januari

Nilimweleza Mzee zamu habari ya makala nikidhani atanibishia. Hakubisha. Alisema mbabula inaua, kila mtu anajua, lakini nisiichanganye na mazuku. Kisha akanipa somo ambalo sikulipata shuleni.

Mazuku ana nyumba zake: mabonde madogo na mashimo katika makoro ya zamani, kuanzia kandokando ya ziwa huko Keshero hadi Mugunga, Bulengo na Lac Vert. Hutoka usiku na kuvizia hadi asubuhi. Huanza na aliye mfupi: kuku, mbwa, mbuzi, mtoto, kisha mama aliyeinama kumwinua mtoto. Jua likipanda na upepo ukivuma, anarudi ndani. Ndiyo maana wazee walikataza kulala bondeni, kuchota maji huko kabla ya jua, na kumfuata mnyama aliyeanguka shimoni.

Hakuna kosa hata moja katika maelezo hayo. Wataalamu wa volkano wanasema ni dioksidi ya kaboni inayopenya kwenye nyufa za ardhi. Ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, hivyo hujikusanya mahali pa chini pasipo upepo, na jua na upepo huitawanya. Ikifika sehemu kumi kwa mia ya hewa unayovuta, unazimia kwa dakika chache, na watu wameanguka bila hata kukohoa. Ziwa Kivu lenyewe limebeba hewa hiyohiyo chini kabisa, kilomita za ujazo karibu 300, na dunia iliona huko Kameruni usiku wa 21 Agosti 1986 ziwa dogo la Nyos lilivyoitapika yake na kuua watu wapatao 1,700.

Basi mzimu wa Mzee una anwani, saa za kazi na tabia inayojulikana, na aliyefundishwa kumwogopa alikuwa salama. Wanaotoka Masisi na Rutshuru sasa kwa kukimbia vita wanapewa pa kulala huko huko Bulengo na Lac Vert. Wanatafuta bonde kwa sababu linakinga upepo na hema haling'oki. Wengi wao ni watu wa milima ya kijani. Makoro hawayajui, na hakuna bibi wa pale wa kuwakataza watoto. Nimekasirika jioni nzima. Tunawapokea watu, tunawapa turubai na unga, halafu tunasahau kuwapa hadithi.

Jumatano, 17 Januari

Misa ya kumbukumbu ya mlipuko wa 2002. Siku kama ya leo moto ulitoka kwenye nyufa za ubavuni mwa Nyiragongo, ukapita uwanja wa ndege, ukakata mji hadi ziwani na kuimeza kathedrali ya Saint-Joseph. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba. Siku chache baadaye kituo cha mafuta kililipuka na kuua waliokuwa wakichota petroli.

Baada ya misa nilimkuta mkuu wa avenyu akiwa na kijana mmoja anayefanya kazi na Observatoire Volcanologique, kituo cha kuchunguza volkano. Nimemwomba kijana aje na kipimo chake cha hewa hapa kwetu, maana chumba kiko chini na sitaki kusema ni makala peke yake kabla hajapima. Amekubali wiki ijayo. Chumba kitabaki kimefungwa hadi hapo. Jirani ameshasogeza mbabula, watoto wake wanalala kwetu.

Mzee zamu naye ana jambo. Ana shemeji huko Lac Vert anayeyajua mashimo yote kwa majina. Ijumaa tutapanda pikipiki twende kwake, tumwombe azunguke na wakuu wa mahema, saa nne asubuhi jua likiwa limepanda, na awasimulie mazuku kama alivyosimuliwa yeye. Mimi nitabeba rangi nyeupe ya kutia alama kwenye makoro.