Moto wa Makaa



Juma hili tunawaletea tafakari iliyozaliwa jikoni. Ijumaa iliyopita, siku ya kujinyima nyama, tulisafiri hadi Bagamoyo kumtembelea rafiki yetu wa tangu seminari ndogo. Yeye aliiacha njia ya upadre kabla ya ushemasi, akaoa, na Mungu akamjalia mke mwema na watoto watatu. Tulikuwa hatujaonana tangu mwaka 2018, tulipokutana mjini humo kwenye Jubilei ya miaka 150 ya Uinjilishaji wa Tanzania Bara.

Sababu ya ukimya huo ni sisi. Mwaka 2019 mama yake mzazi alipofariki, alituomba tuje kuongoza mazishi. Tulimjibu kwa ujumbe wa simu kwamba ratiba ya parokia imebana. Tukatuma rambirambi kwa simu hiyo hiyo, tukajihesabu kuwa tumetimiza wajibu. Na mama yule ndiye aliyekuwa akitupokea nyumbani mwake wakati wa likizo, akitupikia tambi za nazi na iliki kana kwamba alituzaa yeye. Tangu hapo tumehubiri mara nyingi juu ya Mathayo 5:23-24, habari ya mtu anayeiacha sadaka yake mbele ya altare ili akapatane kwanza na ndugu yake. Nasi tukaendelea kupanda altareni kila asubuhi. Kwaresima hii ndipo tulipopiga simu. Akajibu kwa maneno machache: "Karibu Ijumaa, Padre."

Kwa kuwa nyumba ile ilitulisha sana ujanani, tulimwomba shemeji atuachie jiko siku hiyo. Tulikuwa tumepitia soko la samaki la pwani, tukanunua nusu kilo ya kamba na ngisi wawili. Hatukuongeza, maana anayeacha nyama ili afanye karamu ya kamba ameishika sheria na kuiacha roho yake.

Upishi wenyewe ni mwepesi. Tulijifunza Roma, wakati wa masomo, kwa mama mpishi wa nyumba tuliyoishi. Kila mlaji hupimiwa gramu 100 za tambi, na kila gramu 100 huchemshwa katika lita moja ya maji yenye chumvi. Vichwa na maganda ya kamba havitupwi, bali huchemshwa kupata supu. Kitunguu saumu hukaangwa taratibu, kisigeuke kahawia, maana kikiungua huwa kichungu. Kisha huja nyanya na ile supu. Kamba wakijikunja na kuwa wekundu, wameiva. Ngisi naye huhitaji dakika mbili tu. Ukimzidishia kidogo anakuwa mgumu kama mpira. Tambi huopolewa kabla hazijaiva kabisa, zikamalizie kuiva ndani ya mchuzi pamoja na kikombe cha maji zilimochemkia, kwa sababu wanga wa maji hayo ndio unaounganisha mafuta na mchuzi. Jibini haitiwi; mama yule wa Roma asingetusamehe.

Rafiki yetu alipepea makaa uani, akitujibu "Ndiyo, Padre" na "Hapana, Padre". Moto ulipokolea, akaketi kando yetu kusaidia kumenya kamba. Bila kuinua macho akasema: "Mama alikuulizia. Siku mbili kabla ya kufa. Aliuliza kama likizo imefika."

Wapendwa, sisi mapadre tumezoea kusema "sisi" mimbarani, na hata katika tafakari hizi. Neno hilo hutusitiri. Pale uani halikufaa. Tulitamka neno moja tu: "Nimekosa." Ratiba hatukuitaja. Yeye alinyamaza, akamenya kamba wengine watatu, kisha akasema: "Maji yanachemka."

Tulikula mkekani, katika sinia moja. Tambi zilikuwa zimeiva kupita kiasi, kwa kuwa tulisahau kuziopoa kwa wakati wake. Mtoto mdogo akauliza sukari iko wapi, maana tambi anazozijua ni zile za bibi yake, ambazo mama yake anazipika hadi leo. Baba yake akacheka, na katika kicheko kile akatuita kwa jina letu la utani la seminari. Jioni alitupeleka kaburini. Tulisali Rozari pale, miaka mingi baada ya siku tuliyoitwa.

Katika Injili ya Yohane kuna moto wa makaa mara mbili. Wa kwanza ni ule wa uani kwa Kuhani Mkuu, ambapo Petro aliota moto huku akimkana Bwana (18:18). Wa pili ni ule wa ufukweni, baada ya Ufufuko, wenye samaki na mkate (21:9). Neno hilo la Kigiriki, moto wa makaa, halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Yesu hakumwuliza Petro swali lolote juu ya upendo kabla hajamlisha. Aliyekosewa ndiye aliyewasha moto. Nasi Bagamoyo tulidhani tumekwenda kupika. Kumbe aliyeyapepea makaa ni yule tuliyemkosea.

Wengi wetu tutajipanga kwenye kiti cha maungamo kabla ya Pasaka. Ni vema. Lakini kabla ya kupiga magoti, kila mmoja ajiulize ni nyumba gani alituma pesa pale alipotakiwa kwenda kwa miguu yake. Kama mlango huo ungali wazi, aende juma hili. Asiende na maelezo mengi. Abebe chochote cha kupika.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Kwaresima njema.